Kiziwa Nyuma ya Nyumba: Chakula cha Watoto na Makao ya Viumbe

Mutu akisimama juu ya kilima cha Idjwi anaona maji pande zote. Upande wa mashariki iko Rwanda, upande wa mangaribi iko Kalehe na milima ya Kahuzi. Ziwa Kivu lina zaidi ya kilometa kare 2,300, na fasi ingine kina chake kinapita meta 480. Lakini ingia katika jiko la mama anayekaa juu kilimani, mbali na kivuko. Ndani ya chungu kuna sombe bila samaki, leo, kesho na kesho kutwa. Inawezekana namna gani kuzungukwa na maji na kukosa samaki?

Sababu ya kwanza ni ziwa lenyewe. Chini ya meta 60 ao 70 hakuna hewa ya kupumua kwa samaki. Maji ya kule chini imejaa gazi, ile ambayo Rwanda inachota na kufanya nayo umeme. Kwa hiyo samaki wanaishi katika sehemu ya juu tu, na aina zao ni chache kuliko zile za Tanganika. Hata sambaza tunazopenda hazikuwa za Kivu. Zilitolewa Tanganika na kutiwa hapa karibu na mwaka 1959. Sababu ya pili ni mali. Mwenye mutumbwi, nyavu na taa anakula na kuuzisha. Asiye navyo anangojea soko, na soko linataka pesa.

Kuna njia ingine, na haihitaji mutumbwi: kuchimba kiziwa cha samaki nyuma ya nyumba, ile watu wengi wanaita etangi.

NENO HILI SI GENI

Wazee wanajua. Wakati wa Wabelgiji, viziwa maelfu na maelfu vilichimbwa katika Congo. Mwaka 1949 wataalamu walikutana Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kuzungumuza juu ya ufugaji wa samaki. Lakini kisha uhuru wa 1960 viziwa vingi viliachwa, majani yakaota ndani. Sababu gani? Vingi vilichimbwa kwa amri, si kwa mapenzi ya mwenye shamba. Tena samaki walizaana sana ndani ya maji madogo, wakabaki wadogo kama kidole, watu wakachoka.

Mwaka 1985 kijana mumoja wa Marekani, Mike Tidwell, alitumwa Kalambayi katika Kasai kufundisha wakulima kuchimba viziwa. Alikaa kule miaka miwili, kisha akaandika kitabu, The Ponds of Kalambayi, kilichotoka mwaka 1990. Anasimulia kwamba siku ya mavuno jamaa na majirani walikuja, na mwenye kiziwa aligawa samaki wengi bure. Kijana alikasirika, akiona faida inaondoka. Polepole alifahamu kwamba kwa watu wale kugawa ndiko kunafanya mutu akuwe mutu. Tutarudia neno hili chini, kwa kuwa viziwa vingi vinakufa juu ya ugomvi, si juu ya kukosa maji.

KUCHAGUA FASI

Idjwi ina watu wengi na mashamba madogo. Hakuna mutu anayeweza kupoteza kipande cha udongo kwa kujaribu tu. Basi, mbele ya kushika beshi, angalia mambo matatu.

1. Maji. Tafuta fasi chini ya chemchem ao kando ya kijito kisichokauka wakati wa kiangazi. Usiweke kiziwa ndani ya kijito chenyewe, kwa maana mvua kubwa moja itabomoa kila kitu. Utachimba kando na kuleta maji kwa mufereji mudogo.

2. Udongo. Chukua udongo uliolowana, fanya mupira kwa mukono, utupe juu na kuudaka. Ukivunjika, una muchanga mwingi. Ukishikamana, ni udongo wa mufinyanzi, unafaa. Kisha chimba shimo dogo, lijaze maji mangaribi, ufunike na majani ya ndizi. Asubuhi maji itakuwa imeshuka kidogo. Lijaze tena. Kama mara ya pili maji mengi inabaki, udongo ni muzuri.

3. Majirani. Maji unayokamata ni maji ambayo mutu mwengine anakunywa chini. Enda kumuona mbele. Mwambie: “Mzee, nataka kupitisha maji kidogo shambani mwangu, kisha nitayarudisha kijitoni.” Kulalamika kunakuja mutu akistukia kazi imekwisha kufanyika. Akiombwa ruhusa, mara nyingi anatoa na musaada.

KAZI YA KUCHIMBA

Kwa jamaa moja, meta 10 kwa meta 10 inatosha, ndiyo are moja. Piga vijiti vinne, funga kamba. Ondoa kwanza majani, mizizi na udongo mweusi wa juu, uweke kando. Ule udongo mweusi hapana kujengea ukuta, kwa sababu mizizi inaoza ndani na kuacha njia ya maji.

Kisha chimba upande wa juu kidogo, upande wa chini zaidi, na udongo unaotoka ujengee ukuta wa upande wa chini. Mwishoni maji iwe na kina cha sentimeta 50 ao 60 upande wa juu, na meta moja ao kupita kidogo upande wa chini. Ukuta usisimame wima kama wa nyumba. Uwe na mutelemuko, mupana chini, mwembamba juu. Kila mara ukitia udongo wa sentimeta 20, pigapiga na gogo zito mpaka unashikamana. Mwisho wa ukuta upite maji kwa sentimeta 30.

Kazi ni ngumu, tusidanganyane. Katika are moja kuna karibu meta 50 za ujazo za udongo wa kuondoa. Mutu mumoja akiondoa meta moja kwa siku, ni siku 50. Kwa hiyo vijana wa kanisa wasaidiane: juma hili kwa papa huyu, juma lijalo kwa mama mujane yule.

Weka mwanzi mumoja wa kuingiza maji juu, na mwengine wa kutosha maji inayozidi. Midomo yote miwili uifunge na kichujio ili samaki wasitoroke na samaki wa kijitoni wasiingie. Juu ya ukuta panda majani mafupi ya kushika udongo. Usipande ndizi wala muti juu yake. Ule udongo mweusi wa kwanza urudishe juu ya ukuta, majani yatauota vizuri.

KULISHA MAJI, KISHA MAJI ITALISHA SAMAKI

Katika pembe moja, fanya boma dogo la matete ndani ya maji, sehemu moja juu ya kumi ya kiziwa. Tia ndani mavi ya mbuzi ao simbiliki, majani mabichi, maganda ya ndizi na majivu kidogo. Ichanganye kila juma. Maji itageuka kijani. Ile rangi ni mimea midogo sana ambayo tilapia anakula. Namna ya kupima: ingiza mukono wima, kiganja kimefunguka. Kama kiganja kinapotea machoni wakati maji inafika kwenye kisigino cha mukono, maji iko tayari. Kama kinapotea mbele, umetia mbolea mingi mno, pumuzika.

Tafuta watoto wa tilapia wa Kivu, samaki wawili kwa kila meta kare, ndiyo 200 katika are moja. Wape matembele, pumba na mchwa. Asubuhi ukiona samaki wote wanafungua midomo juu ya maji, wanakosa hewa. Acha kutia mbolea, ingiza maji mapya. Na juu ya milima yetu ni baridi, basi samaki wanakomaa polepole kuliko katika inchi za joto. Ngojea miezi 6 mpaka 8. Jamaa inayotunza vizuri inaweza kuvuna kilo 10 mpaka 20. Kisha toa maji yote, chagua wadogo wa kuanza tena, na usiache kizazi juu ya kizazi kama zamani.

KIZIWA CHA PILI: CHA VIUMBE

Hapa wengine watacheka. Chini ya kiziwa cha samaki, pale maji inapotoka, chimba kengine kadogo, meta mbili ao tatu tu, pembe zake zikiwa na maji ya sentimeta kumi. Acha matete yaote upande mumoja. Tia mawe na gogo moja. Usitie samaki wakubwa.

Ni cha kazi gani? Kwanza kinashika tope mbele ya maji kurudi kijitoni na kufika ziwani. Udongo wa Idjwi unateremuka na kila mvua, na udongo ukienda ziwani haurudi. Pili, vyura watakuja wenyewe bila kuitwa, na chura mumoja anakula wadudu wa shamba usiku kucha. Watoto wa kereng’ende wanakaa chini ya maji na kula watoto wa mbu. Ndege watafuma viota juu ya matete. Mutoto wa Idjwi ambaye msitu umebaki mbali naye, atajifunza pale majina ya viumbe ambayo babu yake alijua.

Ni kweli, mdiria na korongo watakuja pia kuiba samaki wako. Piga kamba kadhaa juu ya kiziwa kikubwa. Hapana kuwaua, mwizi wa samaki wawili haharibu mavuno ya 200.

HATARI TATU

Mbu. Yai la mbu linageuka mbu katika juma moja ao mbili. Kiziwa chenye samaki na kando safi hakileti malaria mingi. Kiziwa kilichoachwa, majani yakining’inia majini, ni kiwanda cha malaria. Kata majani ya kando, na katika kiziwa kidogo tia samaki wadogo kadhaa.

Konokono. Wengine wanabeba kichocho. Mutu asikojoe majini, watoto wasiogelee mule.

Kuzama. Meta moja ya maji inatosha kuua mutoto. Jenga uzio mbele ya kutia maji, si kisha.

NENO KWA JAMAA ZA MACHIMBO

Wasomaji wetu wa Kamituga na kwengine watasema: “Sisi tuna mashimo tayari, yamejaa maji, tutie samaki tu.” Ngojeni. Shimo la machimbo kando yake ni wima na linabomoka. Tena, pahali watu wanasafisha zahabu kwa zebaki, ile wengi wanaita merikiri, sumu inabaki katika tope, inaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki inaingia katika mutu. Mwaka 1956 kule Minamata katika Japani watu waligunduliwa na ugonjwa wa mishipa kwa sababu ya kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Watoto walizaliwa vilema. Samaki wale hawakuonekana wabaya kwa macho. Basi, pahali zebaki ilipita, usifuge samaki, hata kama maji inangaa. Chimba kiziwa kipya, juu ya machimbo, penye maji safi.

SIKU YA MAVUNO

Kalambayi na Idjwi ni mbali, lakini ndugu ni wamoja. Siku ya mavuno watakuja. Mukae chini mume, mke na watoto, mbele ya siku ile, na kugawanya: sehemu ya kula nyumbani kwanza, sehemu ya kuuzisha kwa feza ya masomo, sehemu ya kugawa kwa wazee na wajane. Ile ya kugawa mukiipanga mapema, mutaitoa kwa furaha, wala haitawamaliza. Na anayeomba kila mara, mupeni watoto wa samaki na beshi.

Ya kuzungumuza katika jamaa:

1. Kwetu, nani anakula samaki wa mwisho kwenye sahani? Ni baba ao ni mutoto mudogo?
2. Maji inayopita shambani mwetu inaenda kwa nani?
3. Ni nani katika kanisa letu hawezi kuchimba peke yake?