Sifa za Biharamulo Zina Deni

Tarehe 13 Machi, 2025, Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umekwisha Biharamulo. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ametangaza kuingia kwake tarehe 20 Januari. Walihesabiwa wagonjwa 10, wawili kati yao wakithibitishwa kwa vipimo, wote walifariki. Siku 42 zikapita bila mgonjwa mpya, na Shirika la Afya Duniani likaisifu Tanzania.

Sifa hiyo ni ya haki. Lakini ni ya nani? Marburg huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili. Basi aliye karibu na hatari si mkubwa wa ofisini, bali ni muuguzi, mfagiaji wa wodi na mfuaji wa mashuka. Mwaka 2023, ugonjwa huo ulipotokea Bukoba Vijijini, wahudumu wawili wa afya waliambukizwa, na mmoja wao akafa.

Jirani zao wa Ngara wanaujua mzigo wa ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Mipaka hii haitulii. Maradhi yaweza kurudi.

Ndugu wafanyakazi, cheti hutundikwa ukutani, hakimkingi muuguzi. Kinachomkinga ni glavu, maji, sabuni, na mafunzo kabla ya hatari. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Yatupasa sisi tusiwe punda.