Chombo Kabla ya Safari Ndefu

(Mazungumzo ya redioni kwa jamaa za Kitui na Makueni. Somo: Matendo ya Mitume 27:9–44)



Somo la leo ni la baharini, nami najua wengi wenu mnaonisikiliza huko Mutomo, Kyuso, Kathonzweni na Kibwezi hamna mashua. Hata hivyo nawaomba mvumilie kidogo. Wazee wetu waliokwenda Mombasa kwa miguu wakichukua pembe za ndovu waliijua pwani, na hata leo wako vijana wetu wafanyao kazi bandarini. Tena yako mambo katika safari ndefu ya chombo ambayo nyumba ya Ukambani inayafahamu sana.

Mabaharia wa jahazi hungoja upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi. Kusi hushika tangu Aprili hadi Septemba, na katikati yake, mwezi wa Juni na Julai, bahari huchafuka hata vyombo vingi vidogo hupandishwa pwani. Basi chombo hutengenezwa kikiwa nchi kavu. Fundi hupita kila mshono wa mbao, akishindilia pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kupiga kalafati. Kisha chini hupakwa shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili wadudu wa majini wasitoboe mbao. Ndipo nahodha hukagua tanga, kamba, nanga, kuni, na zaidi ya yote maji ya kunywa. Huhesabu vinywa, huhesabu siku. Akikosea hesabu hiyo hakuna duka njiani.

Sasa tazameni merikebu ya Paulo. Ndani yake mlikuwa na watu 276, na majira ya baridi yalikuwa yamekaribia, wakati ambapo watu wa bahari ile walikuwa wakiacha kusafiri. Paulo akawaonya wasiondoke Bandari Nzuri. Lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, kwa kuwa bandari ile haikufaa kwa kukaa wakati wa baridi. Upepo ukavuma polepole, wakadhani mambo yamekuwa mema. Mara ikashuka tufani. Angalieni basi ni saa ngapi walipoanza kuikaza merikebu kwa kamba: ni baada ya tufani kuwashika.

Safari yetu sisi ni kiangazi. Katika sehemu zetu mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake huingia kama Februari. Ile ya Machi hadi Mei hutudanganya mara nyingi. Kwa hiyo mwenye busara hupanga kana kwamba ya Machi haitakuja, na chakula cha Februari hii kimfikishe Februari nyingine. Nuhu naye alikaa ndani ya safina zaidi ya mwaka mzima, ijapokuwa mvua yenyewe ilinyesha siku 40 tu. Kama nyumba yako hula kilo 2 za nafaka kwa siku, gunia la kilo 90 litakwisha kwa siku 45, na mwaka utataka magunia 8 na kilo 10. Iandike hesabu hiyo kwa makaa juu ya mlango wa ghala, kabla lori la mchuuzi halijafika. Mahindi anayoyanunua kwako kwa bei ndogo wakati wa mavuno, mara nyingi utayanunua tena Septemba kwa bei kubwa. Sisemi msiuze kitu. Karo ya shule haingoji. Lakini anza na ndengu, ubakize mahindi, mtama na mawele.

Kalafati ya ghala ni kukausha. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Ukitaka kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, utikise dakika mbili tatu, uiache kama robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yangali na maji; yarudishe juani. Yakiwa makavu kabisa, yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, uifunge sana. Dumuzi, yule mdudu aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1983 upande wa Taveta, hufa humo kwa kukosa hewa.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ni jambo la kufa na kupona. Mwaka 2004 watu 317 katika nchi yetu waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi, ile iitwayo aflatoksini, na 125 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na kukoboa muthokoi huipunguza tu. Kuku wasipewe. Najua ni neno gumu kumwambia mama mwenye watoto watano, mwaka wa njaa, atupe gunia. Lakini someni aya ya 38. Watu wale hawakuwa wamekula kwa siku 14. Paulo akawasihi wale, wakala wakashiba, ndipo wakaitupa ngano baharini ili merikebu iwe nyepesi. Ngano ile ilikuwa nzuri, nao waliitupa ili watu 276 wafike pwani. Yetu iliyoota ukungu je?

Neno moja kwa wewe baba unayekwenda kazini Mombasa, au wewe mama unayekwenda Uarabuni. Usimwache mwenzako na ghala asilojua hesabu yake. Kabla hujapanda gari, kaeni wawili, mhesabu magunia pamoja. Semeni mbele ya mtoto mkubwa ni mbuzi yupi atakayeuzwa mtu akiugua, na kwamba atakayebaki nyumbani ana ruhusa ya kumuuza bila kungoja simu yako. Mwonyeshe deni la dukani, hata lile ulilolificha. Mwambie ni siku gani ya mwezi utaleta fedha, na kama siku hiyo huna, piga simu hivyo hivyo.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke walio baharini usiku huu, na mama aliye peke yake Ikutha, ambaye ameshika chupa ya chumvi mkononi na hajui atoe gunia lipi. Amina.