Kanisa dogo la mateka wa vita kando ya barabara ya Mai Mahiu

Msafiri anayeteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya Limuru kwenda Naivasha ana mengi ya kutazama. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde lenyewe, na kwa mbali umesimama mlima Longonot. Dereva naye hana nafasi ya kushangaa, kwani kona ni kali na malori mazito yamefuatana. Ndiyo sababu wengi hupita bila kuliona jengo dogo la mawe lenye msalaba, lililo kando ya lami kabla ya kufika mjini Mai Mahiu.

Hilo ni kanisa la Kikatoliki, mojawapo ya makanisa madogo zaidi nchini. Waumini 12 hivi wakiketi ndani, limejaa. Lilijengwa mwaka wa 1942, na waliolijenga hawakuwa wamishonari wala walowezi. Walikuwa mateka wa vita kutoka Italia.

Walifikaje huku? Mwaka wa 1935 dikteta Benito Mussolini aliivamia Ethiopia. Italia ilipojiunga na Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, Juni 1940, Waingereza waliikabili kutoka Kenya na Sudan, wakiwa na maelfu ya askari Waafrika. Mei 1941 mkuu wa Waitaliano, Duke wa Aosta, alisalimu amri huko Amba Alagi. Novemba mwaka huo kikosi cha mwisho kikasalimu amri Gondar. Mateka wengi waliletwa Kenya na kuwekwa katika kambi za Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Londiani na kwingineko.

Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu askari wa kawaida waliotekwa kufanyishwa kazi, mradi isihusiane moja kwa moja na vita. Serikali ya kikoloni ilihitaji barabara nzuri ya kushuka bondeni, na kazi hiyo wakatwikwa Waitaliano.

Hebu fikiria, msomaji, maana ya jambo hilo kwa mwenyeji wa siku zile. Mzungu ndiye aliyetoa amri na Mwafrika ndiye aliyeshika sururu. Mashamba bora ya Naivasha na Nakuru yalikuwa ya walowezi, na mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni. Kumbe Mzungu naye aliweza kushindwa, akawekwa chini ya ulinzi na kuchimba mlima kwa jasho lake!

Barabara ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Kanisa lilitokana na haja yao wenyewe, watu waliokuwa mbali na makwao wasiojua vita vingekwisha lini. Wengine walitafuta faraja kwa njia tofauti. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaukwea Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao.

Duke wa Aosta hakurudi kwao. Alifia Nairobi Machi 1942, na kaburi lake limo katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano huko Nyeri, pamoja na mabaki ya wenzake zaidi ya 600. Kanisa hilo ni kubwa na la fahari, lakini lilijengwa baada ya vita. Lile la Mai Mahiu lilijengwa na mateka wakiwa bado mateka.

Kuna atakayeuliza kwa nini tuwakumbuke askari wa jeshi lililowamwagia Waethiopia gesi ya sumu. Swali hilo ni la haki. Kulitunza kanisa si kuusifu uvamizi. Mawe yale yanatueleza jinsi vita vya mataifa ya mbali vilivyofika hadi bondeni mwetu, na ni nani aliyeipasua njia ambayo mazao, watalii na mizigo ya kwenda Uganda imepitia miaka yote hii.

Tena barabara ile imemeza roho nyingi. Anayepanda anaweza kuingia humo kuomba, na aliyeshuka salama akashukuru. Ukipita, simama kidogo. Uingie kwa heshima, na jina lako usiliandike ukutani. Waliolijenga hawakutuandikia yao.