Tochi ya kichwani na ukungu wa Rungwe

Je, wajua kwamba katika ukungu, mahali pabaya kuliko pote pa kuvaa tochi ya kichwani ni kichwani?

Wauzaji hawakuambii, na hata waliotengeneza boksi lake hawakuandika, kwa sababu wengi wao hawajawahi kutembea Mpuguso, karibu na Tukuyu wilayani Rungwe, saa moja jioni mwezi wa Aprili. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ikikatika, wingu lenyewe hushuka likalala juu ya migomba na mashamba ya chai. Mtu aliyechelewa mjini huwasha tochi yake mpya akaona mbele yake ukuta mweupe. Hubonyeza swichi aongeze mwanga, na ukuta nao huongezeka weupe. Kesho yake husema tochi ni mbovu, akatafuta yenye nguvu zaidi.

Tochi haina kosa. Ukungu ni matone ya maji madogo mno, mengi yakiwa na upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita, yanayoelea hewani kwa mamilioni. Kila tone hupokea mwanga na kuutawanya. Sehemu kubwa husonga mbele, lakini kiasi fulani hurudi kulekule ulikotoka, yaani kwenye paji la uso lako, na vidole vichache chini ya paji hilo ndipo yalipo macho. Kwa hiyo unatazama kupitia mlemle mwanga unamopita, na kila tone la njiani linakurudishia chake. Jiwe lililo mita kumi mbele linamulikwa vizuri tu, ila mwanga wake dhaifu unafika machoni ukiwa umefunikwa na weupe wa matone yote yaliyo kati yenu.

Dawa yake ni kuivua. Ishike mkononi usawa wa nyonga, au funga mkanda wake kiunoni, mwanga uangalie chini mbele ya miguu. Hapo mwanga unapita chini na macho yanapita juu, na hukutana pale tu unapokanyaga. Waliobuni taa za ukungu za magari walilijua hili, ndiyo maana wakaziweka chini karibu na bampa. Punguza na ukali pia. Katika ukungu mzito, mwanga hafifu kutoka kiunoni unaonyesha zaidi kuliko mwanga mkali kutoka kichwani.

Wapo wanaoapa kwamba taa ya njano hutoboa ukungu. Haitoboi. Matone ya ukungu ni makubwa mara nyingi kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Taa ya njano haiumizi macho sana, na hiyo ni faida, lakini mtu asikuuzie kwa bei ya juu akidai inapenya.

Kuna sababu ya pili ya kuivua, na hii hufanya kazi hata usiku mkavu wenye nyota. Macho hutambua mashimo na mizizi kwa vivuli vyake. Taa ikiwa juu kidogo tu ya macho, kivuli cha kila jiwe huangukia nyuma ya jiwe lenyewe, mahali usipoweza kukiona. Ardhi yote inaonekana bapa. Ndiyo maana watu wengi huteleza wakati wa kushuka Mlima Rungwe au wakitoka ukingo wa Ziwa Ngozi jioni, katika ile njia ya msituni yenye mizizi na utelezi, huku wakiwa na taa kali kichwani. Ishushe taa hadi kiunoni na kila mzizi utapata kivuli kirefu. Ukifika penye kupanda kwa mikono, irudishe kichwani, kwa kuwa hapo unahitaji mikono kuliko vivuli.

Kwa hiyo tochi nzuri ya kichwani kwa mtu wa huku ni ile inayovuliwa na kuvaliwa haraka, yenye mkanda unaorefuka hadi kutosha kiuno, na swichi inayobonyezeka hata kwa vidole vyenye baridi. Haya ndiyo ya kupima dukani. Watu hupima kitu kingine kabisa: idadi ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga.

Nimeona boksi limeandikwa lumeni 100,000. Tufanye hesabu. Taa nzuri ya LED hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Lumeni 100,000 zinahitaji basi wati 700 hadi 1,000, umeme wa kutosha kupigia pasi mashati. Ndani ya tochi hiyo kuna betri moja ya aina ya 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, ambayo hata iliyo bora kabisa hubeba nishati ya kutoa wati 12 au 13 kwa muda wa saa moja. Ingekwisha kwa dakika moja hivi, kama haijayeyuka kwanza. Na betri yenyewe huwa imeandikwa mAh 9,900 (kipimo cha chaji inayobebwa), wakati 18650 nzuri sana haizidi sana 3,500. Ukiona namba hiyo kwenye betri, usiamini na maandishi mengine ya boksi hilo.

Kipo kipimo cha kuaminika zaidi. Tangu mwaka 2009 kuna kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1 ambayo watengenezaji wenye heshima huifuata. Umbali wa mwanga hupimwa hadi pale ambapo mwanga umebaki robo ya lukisi, yaani sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu bila mawingu. Kwa hiyo “mita 100” kwenye boksi maana yake ni kwamba kitu kilicho mita 100 kinamulikwa kama kwa mbalamwezi, na si kwamba utasoma jina la shule lililoandikwa ukutani. Ujue pia kwamba ili kuongeza umbali mara mbili lazima ukali wa mwanga uongezwe mara nne, ndiyo maana tochi ya bei mara nne haimuliki mbali mara nne. Muda wa chaji nao huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka hadi sehemu ya kumi ya ulivyoanza. Saa 40 zilizoandikwa zinaweza kuwa saa tatu za mwanga wa maana na saa 37 za kutafutia viatu ndani ya hema.

Lumeni 200 au 300 zinamtosha mpanda mlima yeyote, mradi mwanga uweze kupunguzwa hadi kidogo kabisa na uwe umesambaa badala ya kubanwa katikati. Kwa mvua zetu, tafuta maandishi IPX4, yaani haidhuriki kwa maji ya kurushwa kutoka pande zote. IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, na ni nzuri zaidi kwa anayevuka mito.

Taa nyekundu iliyomo kwenye baadhi ya tochi hizi watu huiona urembo. Seli za jicho zinazoona gizani huchukua kama nusu saa kuzoea giza barabara, na mwanga mweupe wa sekunde chache huharibu kazi yote hiyo. Mwekundu hauzigusi sana. Ukiwa kambini Kitulo usiku wa Julai, anga likiwa wazi na baridi ya kugandisha umande, washa nyekundu upike chai, kisha zima utazame juu. Wadudu nao huijia kidogo kuliko nyeupe.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Ule ukaribu wa taa na macho unaotuadhibu kwenye ukungu, usiku mkavu hutupa zawadi. Wanyama wengi wa usiku wana utando unaong'aa nyuma ya retina, unaorudisha mwanga uliokwisha kupita ili jicho liupate mara ya pili. Mwanga huo hurudi karibu kabisa kwenye njia uliyojia, kwa hiyo anayeuona vizuri ni yule ambaye taa yake iko usawa wa macho yake. Mtu aliyeshika tochi mkononi anaweza kupita chini ya mti wenye komba watatu asijue. Mwenye tochi kichwani huona makaa yakiwaka jozi kwa jozi kwenye matawi, kisha yakiruka. Utando wa komba umejengwa kwa fuwele za riboflavini, vitamini B2 ileile iliyomo kwenye maziwa yanayoshushwa Tukuyu kila asubuhi. Ng'ombe na mbuzi wana utando wa aina nyingine. Buibui wengine macho yao hung'aa pia kwenye nyasi, kama cheche, na mgeni hudhani ni umande mpaka umande huo utembee.

Nyani, kima na sisi binadamu hatuna. Kipunji, yule kima aliyegunduliwa na wanasayansi kwenye Mlima Rungwe mwaka 2003 na kutangazwa duniani mwaka 2005, hutembea mchana na kulala usiku juu ya miti. Hata uelekeze taa yako juu usiku kucha, macho yake hayatakuitikia. Na nyoka pia hawana utando huo, kwa hiyo usifikiri kwamba njia isiyo na macho yanayowaka ni njia salama.

Zawadi hii ina upande wa giza. Taa hiyohiyo inayomsaidia mtafiti kuhesabu komba ndiyo inayotumika katika misitu mingi ya Afrika kumduwaza paa mdogo wa msituni asimame mpaka afikiwe. Tunalinda msitu wa Rungwe kwa mabango na mipaka, halafu usiku tunamwachia mwenye taa. Askari wa doria wachache wenye tochi nzuri na betri za akiba wangefanya kazi kuliko semina nyingi ninazozisikia.

Na betri zenyewe? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2017 watafiti Bensch, Peters na Sievert walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vijijini Afrika watu wameacha kibatari na kuhamia taa za LED za betri kwa hiari yao, bila mradi wa mtu, na kwamba betri zilizokufa hutupwa chooni au popote. Habari njema na mbaya katika sentensi moja. Betri ya kawaida ya mawe ina kopo la zinki ambalo ndilo linaloliwa kadiri inavyotumika, kwa hiyo ikisahaulika ndani ya tochi hutoboka na kumwaga uchafu unaokula springi. Tochi ikifa hivyo hutupwa nzima. Zile za bei ya chini zenye betri ya risasi iliyofungiwa ndani ni mbaya zaidi: betri ikifa huwezi kuibadilisha, na risasi inaweza kuishia kwenye udongo wa migomba yetu. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, Kenya, kilifungwa mwaka 2014, na betri nyingi siku hizi tunaziagiza, lakini hakuna aliyefikiria kuagiza na mapipa ya kurudishia. Muulize muuzaji betri iliyokwisha irudi wapi, atacheka. Nunua tochi ambayo betri yake inatoka na inachajika, na ukiiweka kabatini toa betri.

Kwenye baridi, betri ziweke mfukoni karibu na mwili au ndani ya mfuko wa kulalia. Wanaoanza kupanda kilele cha Kilimanjaro usiku wa manane hulijua hili vizuri.

Matumizi mengine ya tochi hizi yapo mengi. Wachimbaji wa makaa ya mawe chini ya ardhi na wa popote penye gesi huvaa taa zilizotengenezwa zisitoe cheche. Za dukani hazifai humo. Wakamuaji wa alfajiri, mafundi wa bodaboda barabarani, wachimbaji wa tanzaniti wa Mirerani, wakunga umeme ukikatika, wavuvi wa dagaa wanaorekebisha nyavu, wanafunzi wa ualimu wa pale Mpuguso wanaomalizia maandalio ya somo baada ya taa kuzimika. Na mtu yeyote anayetafuta kuku aliyegoma kurudi bandani. Mkanda ufue kwa sabuni mara kwa mara, kwa kuwa jasho huulegeza, na tochi iliyolegea huangalia chini wakati unataka iangalie mbele.