Maumivu baada ya kupasuliwa: usiongeze dawa kwa siri

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemlinda mgonjwa hospitalini, ukurasa wa leo ni wenu wote wawili.

Jiwe linaangukia mguu wa mchimbaji. Anapelekwa hospitali kuu ya Masisi au ya Walikale, na munganga anamlaza kwa dawa ya usingizi. Huku kwetu ketamini inatumiwa sana. Ikiingizwa katika mshipa, usingizi wake ni mfupi, karibu dakika 10 hadi 20. Kazi ikiwa ndefu, munganga anaongeza. Ketamini yenyewe inatuliza maumivu, lakini ikiisha nguvu, mgonjwa anaamka na maumivu yanaamka naye. Ndiyo sababu dawa ya maumivu inatolewa mapema, bila kungoja mgonjwa alie.

DAWA HAZIFANANI

Fentanili ni kali sana, lakini sindano moja inadumu nusu saa hadi saa moja tu. Inafaa wakati wa kupasua, haifai kwa usiku mzima.

Morfini ni kali na inadumu karibu saa 4. Inaweza kuleta kichefuchefu, kujikuna na choo kigumu. Wengi wanaiogopa wakisema ni dawa ya wanaokufa. Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo, kwa siku chache, mgonjwa anapumua vizuri, anakohoa na kutembea mapema.

Tramadoli ina nguvu ndogo kuliko morfini na inadumu karibu saa 4 hadi 6. Ikizidi kipimo inaweza kuleta kifafa.

Parasetamoli haitoshi peke yake kwa kidonda kikubwa, lakini inapunguza haja ya dawa kali.

JAMBO NILILOLIONA

Mchimbaji mmoja alivunjika mguu, akapasuliwa. Jioni alipewa morfini. Ndugu yake alimwona bado anakunja uso, akatoa mfukoni vidonge viwili vya tramadoli, vile tunavyomeza ili kuvumilia mzigo, akampa. Usiku mgonjwa alikuwa akiitwa haitiki, na pumzi yake ilikuwa ya mbalimbali. Mwuguzi aliwahi, akampa naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya morfini. Alipona. Ndugu yake alitaka kumsaidia, na nusura amuue.

KUMBUKENI

1. Kabla ya kupasuliwa, mwambie munganga kila dawa unayomeza, hata tramadoli ya sokoni, na pombe pia. Hakuulizi ili akushitaki. Aliyezoea tramadoli anahitaji kipimo kingine.

2. Maumivu yakizidi, mwite mwuguzi. Usimpe mgonjwa kidonge chako.

3. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka, au akipumua chini ya mara 10 kwa dakika moja, piga kelele mara moja. Usiseme, «Mwache alale.»

Kuomba dawa ya maumivu si aibu. Kuificha ile uliyomeza ndiyo hatari.