Kutunza Kompyuta ya Gentoo na Kuitengeneza Inapogoma

Chukueni penseli na daftari. Leo yako maneno machache ya kuandika, na katika maneno hayo hata kistari kimoja kikisahauliwa, kompyuta haitaelewa.

Tuseme wewe ndiwe mwandishi wa chama cha ushirika, na hesabu zote za wanachama zimo katika kompyuta. Jana usiku uliisasisha, yaani uliitia programu mpya mahali pa zile kuukuu, kisha ukaizima. Leo asubuhi watu wamekaa barazani wanangoja malipo yao. Unaiwasha, na kioo ni cheusi. Hakuna picha wala dirisha, ila kistari kidogo kinapepesa pembeni. Hapo wengi hukata tamaa, wakamwita kijana mmoja ajuaye kompyuta, naye akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Akifuta bila kutoa nakala, hesabu zimekwenda. Na pengine kosa lenyewe lilikuwa la kutengenezwa kwa dakika kumi! Hesabu hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa salama katika diski, na weusi wa kioo haukuzigusa.

Kompyuta ninayoizungumzia ni ile yenye Linux ya namna iitwayo Gentoo. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchini Ufini. Tangu hapo watu mbalimbali wameitengeneza kwa namna nyingi. Gentoo ilianzishwa na Mmarekani, Daniel Robbins, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Jina ni la pengwini mmoja wa nchi za baridi za kusini, ambaye huogelea upesi kuwapita pengwini wote. Jina hilo lina mzaha kidogo, maana katika kuiweka Gentoo hakuna upesi wowote.

Sababu ni hii. Ukitaka suruali, waweza kwenda dukani ukanunua iliyokwisha kushonwa, au waweza kununua kitambaa ukampelekea fundi cherehani, naye akakupima. Linux nyingi huleta programu zilizokwisha kushonwa. Gentoo huleta kitambaa, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watu, yaitwayo msimbo, na kompyuta yako yenyewe huyageuza kuwa programu. Kazi hiyo huitwa kujenga. Programu ndogo hujengwa kwa dakika moja. Kivinjari kikubwa cha intaneti chaweza kuchukua saa nyingi katika mashine dhaifu. Faida yake ni kwamba wewe ndiwe useme mifuko iwe mingapi. Alama ziitwazo USE, ambazo huandikwa katika faili iitwayo make.conf, humwambia fundi programu ziwe na uwezo gani na zikose upi. Asiyekuwa na mashine ya kuchapa aweza kuuondoa uwezo wa kuchapa.

Fundi mwenyewe huitwa Portage, na amri ya kumtuma ni «emerge». Amri zake kubwa hutolewa na msimamizi wa kompyuta, ambaye Linux humwita root.

Sasa tuje kwenye utunzaji. Gentoo haifi kwa kutumiwa, hufa kwa kuachwa. Mtu aisasishaye kila wiki hupata mabadiliko machache, na kosa likitokea hujua limetoka wapi. Aliyeiacha mwaka mzima hukuta mamia ya programu zinadai kujengwa kwa pamoja, hii yaikataa ile, na Portage haoni njia ya kuyapatanisha. Kwa hiyo chagueni siku moja katika wiki, na isiwe siku ya kuamkia kazi kubwa. Yule mwandishi wetu alikosea siku kabla hajakosea jambo lingine lolote.

Siku hiyo ikifika, andika kwanza «emerge --sync». Angalieni vistari: ni viwili, vimeshikamana, na nafasi iko kabla yake tu. Amri hii huleta orodha mpya ya programu na maelezo ya kuzijenga. Kisha, kabla ya kufanya lolote, andika «eselect news read» ukasome habari. Watu wengi huruka hapa. Watengenezaji wa Gentoo hutoa tangazo panapokuja badiliko ambalo mashine haiwezi kulifanya peke yake. Mwezi wa Machi 2024, kwa mfano, walitangaza kuhamia mpango wa msingi wa namba 23.0, wakaeleza hatua moja baada ya nyingine, pamoja na kujenga upya programu zote. Aliyesoma alifuata hatua zile. Asiyesoma aliweza kuruka hatua bila kujua.

Ndipo uandike amri ndefu: «emerge --ask --update --deep --newuse @world». Neno «--ask» ndilo la maana hapo, maana humfanya Portage akuonyeshe orodha ya kazi zote na kungoja jibu lako. Soma orodha. Ukiona programu usiyoijua inataka kuingia, au uitumiayo inataka kutoka, jibu hapana, ukatafute sababu kwanza.

Kazi ikiisha, andika «dispatch-conf». Portage hafuti mipango yako katika saraka ya /etc. Huweka faili jipya kando ya lile la zamani, akangoja uamuzi wako. Amri hii hukuonyesha mahali mafaili mawili yanapotofautiana, nawe huchagua. Anayekubali yote bila kusoma hufuta kwa mkono wake mipango aliyoiandika mwenyewe. Mwisho, «emerge --ask --depclean» huondoa programu ambazo hazitegemewi tena na yeyote. Na hapo pia soma orodha kabla ya kukubali.

Na umeme ukikatika katikati ya kujenga? Hapa Portage ana busara. Hujenga programu mahali pa pembeni, katika /var/tmp/portage, na ile ya zamani hukaa mahali pake mpaka mpya iwe tayari kabisa. Kwa hiyo, kama umeme umekatika wakati wa kujenga, kwa kawaida hupotezi ila muda. Umeme ukirudi, andika «emerge --resume», naye ataendelea na orodha. Ile programu aliyokatizwa ataianza tena tangu mwanzo.

Haya, tuingie katika kutafuta kosa. Mara kwa mara programu itashindwa kujengwa, na kioo kitajaa mistari mingi. Macho hukimbilia mstari wa mwisho. Lakini mstari wa mwisho husema tu kwamba kazi imeshindwa, na hilo tumekwisha kulijua! Sababu iko juu yake, pengine mistari mia juu, kwa kuwa kompyuta hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na moja ikianguka nyingine huendelea kuandika. Portage huhifadhi maneno yote katika faili iitwayo build.log, na mwishoni hukutajia mahali ilipo. Ifungue, anza juu, utafute neno «error» lenye nukta mbili mbele yake. Lile la kwanza ndilo lako. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.

Ukiona maneno «No space left on device», diski imejaa. Futa vitu visivyotakiwa. Ukiona «Killed», mara nyingi kumbukumbu ya kompyuta imekwisha na Linux imeua kazi ili ijiokoe. Dawa yake ni kupunguza kazi zinazofanywa pamoja. Maelezo ya Gentoo husema kila kazi moja ipewe gigabaiti 2 za kumbukumbu. Basi mwenye gigabaiti 8 asipite kazi 4, na katika make.conf huandika MAKEOPTS="-j4". Mashine ikiwa dhaifu mno, tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe hutoa pia programu nyingi zilizokwisha kujengwa, kwa kompyuta za kawaida za biti 64. Wako wasemao ati kuzitumia ni kuvunja desturi. Mimi sioni aibu katika kununua suruali moja ya dukani.

Liko kosa moja linalowasumbua hata mafundi. Programu inashindwa, unarudia amri ile ile, nayo inashindwa mahali pengine. Unarudia tena, inapita! Hapo usiilaumu programu. Msimbo ni ule ule, na kosa la msimbo hurudi mahali pake. Kosa linalohamahama kwa kawaida ni la chombo: kompyuta imepata joto kupita kiasi, au kumbukumbu yake ni mbovu. Kujenga programu huifanyisha mashine kazi ngumu kuliko kuandika barua, kwa hiyo ubovu uliojificha hujitokeza hapo. Safisha vumbi katika feni, kisha upime kumbukumbu kwa programu iitwayo memtest86+.

Sasa turudi kwa mwandishi wetu na watu wake barazani. Bonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja. Mara nyingi kioo kitaonyesha maandishi matupu, kikiuliza jina na neno la siri. Ingia. Kama umeingia, basi mashine ni hai, ni picha tu iliyokosekana. Kabla ya kutafuta dawa, nakili hesabu katika flashi na uiweke mfukoni.

Kisha jiulize: jana nilibadili nini? Ikiwa uliweka keneli mpya, yaani kiini cha Linux, sababu moja ya kawaida ni kiendeshi cha kadi ya picha. Kiendeshi cha NVIDIA, kwa mfano, hujengwa nje ya keneli, na kilichojengwa kwa keneli ya zamani hakiingii katika mpya. Ndiyo maana yafaa keneli ya zamani isifutwe mpaka mpya imejaribiwa. Zima, washa tena, na katika orodha inayotokea mwanzo uchague ile ya zamani. Kama hilo ndilo kosa, picha itarudi, na watu watalipwa. Jioni, «eselect kernel list» itakuonyesha keneli zilizopo, na ipi ina nyota. Kwa «eselect kernel set» na namba yake utaipa nyota ile mpya. Ndipo «emerge @module-rebuild» ikijengee kiendeshi upya.

Kama keneli haikubadilika, na dawati lako linatumia Xorg, soma faili /var/log/Xorg.0.log. Mistari yenye makosa ina alama (EE), nayo ni michache. Hapa pia anza na wa kwanza.

Kazi ya wiki hii: mwalimu wa kikundi awasomeshe build.log moja ya programu iliyoshindwa. Kila mmoja aandike katika daftari mstari anaodhani ni wa kosa la kwanza, kisha mlinganishe. Somo lijalo litakuwa juu ya kutoa nakala za mafaili. Kwaherini.