Hamira ya bia: protini ya nguruwe kwa gharama nafuu

Chakula ndicho kinachomgharimu mfugaji wa nguruwe kuliko kitu kingine chochote, na sehemu yake iliyo ghali zaidi ni protini, yaani ile inayojenga mwili. Wengi hutegemea dagaa na soya. Bei ikipanda, nguruwe hubaki na pumba peke yake: hudumaa, huweka mafuta badala ya nyama na huchelewa kufikia uzito wa kuuzwa. Hamira inayobaki baada ya kutengeneza bia inaweza kujaza sehemu ya pengo hilo, mradi iandaliwe vizuri.

Hamira siyo machicha

Machicha ni makapi ya nafaka, yana nyuzinyuzi nyingi. Hamira ni ule uji mzito wenye rangi ya maziwa au kahawia unaotuama chini ya chombo. Ikikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Ikiwa mbichi, sehemu kubwa ni maji: lita 10 huwa na protini takriban nusu kilo, karibu sawa na ile iliyomo katika kilo 1 ya dagaa wakavu. Piga hesabu hiyo, pamoja na usafiri, kabla ya kununua.

Hamira ina lisini kwa wingi, kirutubisho ambacho pumba za mahindi na mashudu ya alizeti vina upungufu nacho. Yenyewe ina upungufu wa methionini, ambayo mashudu ya alizeti yanayo. Kwa hiyo viwili hivi vikichanganywa, kila kimoja huziba upungufu wa mwenzake.

Faida kwa tumbo

Watoto wa nguruwe huharisha sana wanapoachishwa kunyonya. Bakteria waletao kuharisha hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuzaliana hapo. Ganda la hamira lina aina ya sukari ambayo baadhi ya bakteria hao hujishikiza kwayo badala ya utumbo, kisha hutoka pamoja na kinyesi. Huu ni msaada wa kinga tu, siyo dawa. Banda chafu na maji machafu vitaendelea kuleta kuharisha hata kama unalisha hamira.

Namna ya kuandaa

Usilishe hamira ikiwa hai. Ikifika tumboni huendelea kuchacha, hutoa gesi, na nguruwe huvimba tumbo na kuharisha.

1. Jaza pipa au sufuria hadi nusu tu, kwa sababu hamira hufura na kumwagika.
2. Chemsha huku ukikoroga. Ikianza kutokota, endelea kwa dakika 10. Hii huua hamira na kupunguza pombe iliyomo.
3. Acha ipoe kabisa.
4. Lisha siku hiyo hiyo. Inayobaki, changanya na pumba, anika juani kwa tabaka jembamba kwenye turubai hadi ikauke, kisha hifadhi mahali pakavu.

Kiasi cha kulisha

- Watoto walioachishwa kunyonya: hamira kavu isizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula.
- Nguruwe wanaokua: isizidi kilo 10 katika kila kilo 100. Ukitumia ya maji iliyochemshwa, anza na nusu lita kwa nguruwe kwa siku, ongeza polepole kwa wiki mbili hadi lita 1 au 1 na nusu.
- Usiondoe dagaa au soya yote kwa mara moja. Punguza kidogo kidogo ukiangalia kinyesi na ulaji.
- Hamira ina kalsiamu kidogo. Ongeza unga wa mifupa au chokaa ya mifugo.

Tahadhari

- Yenye ukungu au harufu ya kuoza, itupe.
- Hamira ya pakiti ya kupikia maandazi ni hai na ni ghali. Haifai kwa kazi hii.
- Hamira haizuii homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Usiruhusu wageni bandani, na usilishe mabaki ya nyama ya nguruwe.
- Mtoto wa nguruwe akiharisha zaidi ya siku moja, mpe maji safi ya kutosha na umwite afisa mifugo. Usisubiri.